KAZI ni pointi 17: mchezo wa maneno na hesabu ya lugha

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua Scrabble ya kawaida, ile ya Kiingereza inayouzwa madukani, mkae wawili mezani, mkubaliane kwamba leo hakuna Kiingereza. Kiswahili tu.

Wewe unaanza. Una bahati, unaandika KAZI. K ina pointi 5, A ina 1, Z ina 10, I ina 1. Jumla 17, na hapo hatujagusa ile miraba ya rangi inayozidisha pointi. Mwenzako anaitumia Z yako hiyo hiyo, anashuka nayo wima na kuandika JAZA. J ni 8, A ni 1, Z ni 10, A ni 1. Jumla 20. Mchezaji wa Kiingereza akipata pointi 20 kwa neno la herufi nne anatamba wiki nzima. Nyie mmezipata kwa maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayajua.

Furaha hiyo haidumu. Sanduku zima la vipande 100 lina K moja tu, na mmeshaitumia. Huwezi tena kuandika KULA, KULALA wala KUCHEZA bila kupitia K hiyo hiyo. Hakuna KAKA, hakuna KUKU. Z nayo ilikuwa moja, J moja. Mnabaki na vipande viwili vitupu, vile vinavyoweza kusimama badala ya herufi yoyote, na mtavigombania kama maji ya bomba la mtaani. Wakati huo huo Q na X zimekaa mbele yako, haziendi popote, na mchezo ukiisha utakatwa pointi 18 kwa kushikwa nazo.

Kwa hiyo mchezo ni mbovu? Hapana. Mchezo ni mzuri mno, ila umetengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine. Ni sawa na kuvaa suti ya kushonesha ya jirani yako. Na kama suti yoyote ya kushonesha, kuna fundi aliyepima. Leo nataka tumwangalie huyo fundi, kwa sababu habari yake ina somo kwa yeyote anayeota kutunga mchezo wa maneno kwa lugha yetu.

Jina lake ni Alfred Mosher Butts. Alizaliwa mwaka 1899 Poughkeepsie, jimbo la New York, akasomea usanifu wa majengo. Mwaka 1931, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, akapoteza kazi. Nani angejenga jengo jipya wakati benki zinafungwa? Akabaki nyumbani na kalamu zake na muda mwingi mno.

Wengi wetu tukipata wazo la mchezo tunakimbilia kuchora ubao. Butts alianza kwa kukaa chini na kuandika uchambuzi wa michezo iliyokuwepo. Akaigawa katika mafungu matatu: michezo ya namba, kama dadu na bingo, michezo ya kusogeza, kama sataranji, na michezo ya maneno. Akaona kwamba fungu la tatu lilikuwa maskini. Michezo ya maneno ilikosa namna nzuri ya kuhesabu pointi. Tena alitaka kitu kilicho katikati. Dadu ni bahati tupu, kwa hiyo mjanja hana faida. Sataranji ni akili tupu, kwa hiyo mgeni atapigwa mpaka achukie. Yeye alitaka mchezo ambao bahati ina nafasi yake na ujuzi una nafasi yake, ili bingwa ashinde mara nyingi lakini siyo mara zote.

Naomba uuweke akilini huo mtihani wake, maana mpaka leo ni mtihani mzuri wa mchezo wowote mpya. Je, anayejua zaidi ana faida? Je, asiyejua ana tumaini? Likikosekana jibu moja, mchezo huo utakufa.

Kisha ikaja kazi ya kuchosha. Butts alitaka kujua kila herufi iwe na vipande vingapi. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, “The Gold-Bug”, ambamo mtu anafumbua maandishi ya siri kwa kujua kwamba E ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza. Butts hakutaka kuamini hadithi tu. Alichukua magazeti, New York Times likiwemo, akahesabu herufi kwa mkono, moja moja. Hakukuwa na kompyuta. Alikuwa na kalamu, macho, na zile siku ndefu za mtu asiye na ajira.

Matokeo yake unayaona kila unapofungua sanduku. E ziko 12, A na I ziko 9 kila moja, O ziko 8. J, K, Q, X na Z zina kipande kimoja kimoja. Lakini kuna herufi moja ambayo aliipunguza makusudi, nayo ni S. Katika Kiingereza S ni ya kawaida sana, ila ukiipachika mwishoni mwa karibu nomino yoyote unapata wingi, na kwa hiyo unapata pointi za neno la mwenzako bila kutoa jasho. Butts akaziacha 4 tu. Hapo ndipo unaona tofauti ya kuhesabu na kutunga. Hesabu ilimwambia S ni nyingi. Kucheza kulimwambia S ikiwa nyingi itaharibu mchezo. Akalisikiliza la pili.

Mchezo wa kwanza aliuita Lexiko. Haukuwa hata na ubao. Mlikuwa mnachukua herufi na kujaribu kuunda neno. Akaomba hataza, yaani hati ya kulinda ugunduzi, akakataliwa. Akaupeleka kwa kampuni kubwa za michezo za wakati ule, Parker Brothers na Milton Bradley. Nazo zikakataa.

Hakuuacha. Mwaka 1938 akaoanisha herufi zake na kitu ambacho Wamarekani walikuwa wanakipenda kupita kiasi, chemshabongo ya maneno mtambuka, iliyotokea kwanza katika gazeti la New York World mwezi Desemba 1913. Sasa maneno yakapita kwenye ubao wa miraba 15 kwa 15, yakikatana. Mchezo akauita Criss-Cross Words. Ubao aliuchora kwa zana za usanifu, herufi akazibandika kwenye vipande vya mbao alivyokata mwenyewe. Wa kwanza kuujaribu walikuwa mke wake Nina, marafiki, na majirani wa kanisani katika mtaa wa Jackson Heights, Queens, jijini New York. Mwenyewe alikiri kwamba tahajia yake haikuwa nzuri, na Nina alikuwa akimfunga. Mimi naona hiyo ilikuwa baraka. Mtunzi anayeshinda kila siku mchezo wake mwenyewe atajuaje kwamba una kasoro?

Miaka ikapita, vita vya dunia vikaja vikaisha. Mwaka 1948 bwana mmoja aitwaye James Brunot, wa Newtown, Connecticut, akamwomba Butts ruhusa ya kuutengeneza mchezo kwa makubaliano kwamba Butts atapata kiasi kidogo kwa kila sanduku litakalouzwa. Mgawanyo wa herufi hakuugusa. Alichofanya ni kusogeza baadhi ya miraba ya rangi, kurahisisha sheria, na kuupa jina jipya: Scrabble.

Mwaka 1949 Brunot na wasaidizi wake walitengeneza masanduku 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Kumbuka tarehe hizo. Mchezo ulikuwa na umri wa karibu miaka 18 na bado ulikuwa unakula pesa za watu. Kisha katika mwaka 1952 maombi yakaanza kumiminika kuliko uwezo wa karakana. Inasimuliwa kwamba mkuu wa duka kubwa la Macy's la New York aliucheza akiwa likizoni, akarudi kazini akashangaa kukuta duka lake haliuzi. Kampuni ya Selchow & Righter ikapewa leseni, na mwaka 1954 pekee yakauzwa masanduku karibu milioni nne.

Butts aliishi mpaka mwaka 1993. Mwaka 1985 ulitoka mchezo wake mwingine, jina lake Alfred's Other Game, yaani ule mchezo mwingine wa Alfred. Umewahi kuusikia? Basi. Mtu yule yule, kichwa kile kile, ila mara ya pili watu hawakuucheza. Mtunzi hapangi hatima ya mchezo. Wanaopanga ni wale wanaousogeza ubao katikati ya meza kwa mara ya pili, ya tatu, ya mia.

Sisi watu wa pwani hili si geni kwetu. Bao halina jina la mtunzi kwenye sanduku. Lina kete 64 na mashimo 32, lina namua na mtaji, lina nyumba yenye masharti yake, na sheria hizo zimenyooshwa na vizazi vya wazee waliobishana barazani mpaka ikaeleweka lipi ni halali na lipi ni ujanja. Wachezaji wakatengeneza hata ngazi ya wanaoanza: bao la kujifunza, ambalo kila shimo linapewa kete mbili na mnaanza moja kwa moja, tofauti na bao la kiswahili ambalo kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Ule mtihani wa Butts, kwamba mgeni apate tumaini na bingwa abaki bingwa, wazee wetu walishaujibu kwa njia yao.

Sasa turudi kwenye maneno. Lugha nyingine zilipoichukua Scrabble hazikutafsiri sanduku, zilihesabu upya. Wapolandi wana Z nyingi katika lugha yao, kwa hiyo kwao Z ziko 5 na kila moja ina pointi 1 tu. Ile ile Z iliyotupa utajiri mwanzoni! Wahispania walipewa vipande vya CH, LL na RR, herufi mbili kwenye kipande kimoja. Wale wa Wales nao wana vipande vya namna hiyo, NG ikiwemo.

Na sisi? Tuanze na sentensi moja tu: “Watoto wetu wanacheza nje ya nyumba yao kila jioni.” Ina herufi 42. Kati ya hizo, A ziko 8. S hakuna hata moja. W ziko 3 na Y ziko 3, wakati sanduku la Kiingereza lina W mbili na Y mbili. Maana yake sentensi fupi kama hiyo, ya kawaida kabisa, huwezi kuiandika kwa sanduku zima bila kugusa vipande vitupu. Sentensi moja bado si utafiti; Butts alihesabu magazeti. Lakini imeshatuonyesha mahali suti inapobana.

Kuhesabu herufi ndiyo sehemu rahisi, na leo kompyuta itakuhesabia gazeti zima kabla chai haijapoa. Ugumu unaanza kwenye maswali ambayo kompyuta haiwezi kuyajibu.

Swali la kwanza: hatari yetu iko wapi? Kwa Kiingereza iko mwishoni mwa neno, kwenye S. Kwa Kiswahili wingi haubandikwi nyuma. MTOTO haliwi WATOTO kwa kuongeza kipande. Lazima M iondoke. Kwetu neno linakua kwa mbele. Weka TU ubaoni uone. Mwenzako ataongeza kipande kimoja apate UTU au MTU. Akiwa na viwili anapata KITU, VITU, WATU, JITU, WETU, YETU, ZETU. Akiwa na vitatu, KWETU. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili atalazimika kufikiria W, K, U na M kwa jicho lile lile ambalo Butts aliiangalia S. Pengine hata mahali pa kuweka miraba ya rangi patabadilika, kwa kuwa nafasi inayogombaniwa ni ile iliyo kabla ya neno.

Swali la pili: neno ni nini? Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa mara ya kwanza mwaka 1981, itakupa “cheza”. Haiwezi kukuorodheshea KUCHEZA, ANACHEZA, HAWAJACHEZA, TULIPOMCHEZEA na ndugu zake wote. Ukiruhusu kamusi tu, umeifunga lugha mikono, kwa sababu uzuri wa kitenzi chetu uko kwenye viambishi. Ukiruhusu yote, unakaribisha ugomvi. WASIPOTUCHEZESHA ni neno halali kabisa, mtu yeyote Tanga au Mombasa atakuelewa. Lina herufi 16. Ubao wa Butts una miraba 15.

Swali la tatu ni zito kuliko yote: je, kipimo chetu ni herufi kweli? Angalia michezo ya maneno tuliyo nayo tayari. Watoto wanaosema kinyume huchukua silabi ya mwisho wakaipeleka mbele, “kitabu” kikawa “bukita”. Washairi huhesabu mizani, nayo mizani ni silabi. Sikio la Mswahili linasikia KA na ZI kabla halijasikia K na Z. Basi kwa nini vipande visiwe vya silabi?

Nimelijaribu wazo hili kwa karatasi zilizokatwa kwa mkasi, na linavutia kwa dakika kumi za kwanza. Kisha hesabu inakuja. Konsonanti zetu, ukijumlisha CH, SH, NY, NG' na wenzao, ni zaidi ya 20. Zidisha kwa irabu 5, unapita silabi 100 kabla hujafika kwenye MBA, NDO, KWA na SHWA. Sanduku lenye kipande kimoja tu cha kila silabi haliwezi kuandika BABA wala DADA. Ongeza vipande, sanduku linakuwa gunia. Zaidi ya hapo, ukishika KA, karibu kila unachokigusa ni neno: KAMA, KATA, KAZI, KALI, KAYA. Mgeni ana tumaini tele, lakini bingwa hana la kumfanya awe bingwa. Jibu moja la ule mtihani limekosekana. Labda njia iko katikati: herufi, pamoja na vipande vichache vya CH, SH, NY na KU. Sijui mpaka ichezwe mara mia na watu wasionionea haya.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya kupoteza muda. Mwezi Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunapata hotuba. Hotuba ni nzuri. Ila lugha haiishi kwa kusifiwa jukwaani. Huishi pale kijana wa miaka 16 anapokesha akitafuta neno la herufi tano linaloanzia na GH, siyo kwa mtihani, bali kwa sababu dada yake amemzidi pointi nne na hawezi kulala na aibu hiyo. Wanafunzi wetu wengi wanaocheza michezo ya maneno wanaicheza kwa Kiingereza. Wanajua maneno ya herufi mbili ya Kiingereza ambayo hata Waingereza hawayatumii. Mwaka 2015 Mnigeria Wellington Jighere akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble, na mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand akatwaa ubingwa wa Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa, kwa kukariri kamusi. Ni watu wa kuvuliwa kofia. Lakini yule wa pili anatuonyesha pia kwamba ukicheza kwa lugha isiyo yako unaweza kushinda maneno yote na usiongee na mtu hata mmoja.

Tunachohitaji si tajiri wa kutuchapishia masanduku. Butts hakuwa naye kwa miaka 17. Tunahitaji mtu mwenye daftari, rundo la magazeti ya Mwananchi na Taifa Leo, mkasi, kadibodi, na majirani wanne wabishi. Wawili kati yao wawe wanamzidi Kiswahili, la sivyo mchezo hautapona.